Mkanda Mweusi na Kilemba cha Ukoka



Jumanne iliyopita nilisikia swali mlangoni mwa dojo yetu. Dojo yetu ni ukumbi wa shule ya msingi; madawati tunayasogeza ukutani jioni na kuyarudisha usiku, watoto wa watu wasikose pa kukaa asubuhi. Alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka tisa. Alivua viatu kabla hajaambiwa, akamsalimu sensei kwa heshima zote, kisha akauliza: "Mwalimu, huyu nikimlipia leo, mkanda mweusi ataupata lini?"

Sensei alimtazama mtoto, akamtazama mama, akasema: "Mama, mlete Alhamisi." Mama akasubiri sehemu ya pili ya jibu. Haikuja.

Nimekaa na swali lile wiki nzima, maana ni swali la haki. Mzazi anayetoa ada, nauli na pesa ya sare ana haki ya kujua anakwenda wapi na atafika lini. Mimi mwenyewe niliuliza vivyo hivyo siku yangu ya kwanza, na nilikuwa mtu mzima. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukitazama filamu za kung fu zilizotiwa maneno ya Kiswahili na msimulizi Lufufu, tulijua muda wa kuwa bingwa ni wimbo mmoja. Kijana anabeba ndoo mbili za maji kupanda ngazi, anapiga gogo, jua linazama mara tatu, na wimbo ukikatika anamshinda aliyemuua baba yake. Hakuna aliyetuonyesha Jumanne ya mvua, umeme umekatika, watu sita ukumbini wakirudia hatua moja kwa saa nzima.

Jina lenyewe lina jambo la kutufundisha. Wajapani humwita mwenye mkanda mweusi wa kwanza shodani. Sho ni mwanzo, dani ni daraja. Kwa hiyo yule tunayemwona amefika, kwa lugha ya wenye mchezo ndiyo kwanza anaanza.

Aliyeleta mambo haya ya dani kwenye michezo ya kupigana alikuwa mwalimu wa shule, Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860. Mwaka 1882 alifungua Kodokan, nyumba ya judo, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Chumba kilikuwa cha mikeka 12 na wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza walikuwa tisa. Kabla yake, mwanafunzi wa jujutsu alikaa na mwalimu miaka na mikaka, na akifika mwisho alipewa hati ya kwamba amekabidhiwa elimu yote ya nyumba ile. Msikilizaji uliyepita chuoni utaitambua hati hiyo mara moja: ni kama ijaza. Sheikh anamwandikia mwanafunzi kwamba alichonacho yeye amempa, na sasa anaweza kufundisha.

Kano aliona kwamba mtu anayengoja muda mrefu bila alama yoyote hukata tamaa njiani. Akachukua mpango wa madaraja uliokuwa ukitumika kwa wachezaji wa Go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe, akauleta kwenye judo. Mwaka 1883 aliwapa wanafunzi wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro, shodani ya kwanza. Mkanda mweusi wenyewe, kama alama ya kiunoni, ulifuata miaka michache baadaye, 1886. Ile hadithi mnayosimuliwa, kwamba zamani mkanda ulikuwa mweupe ukawa mweusi kwa jasho na vumbi kwa kuwa haukufuliwa, ni hadithi tamu lakini si historia. Na hii mikanda ya njano, machungwa na kijani ilistawi Ulaya, London na Paris, kwenye miaka ya 1920 na 1930, watu walipotaka kuona wamesogea.

Sasa angalia tarehe hizo vizuri. Kodokan ilifunguliwa 1882, na mwaka uliofuata watu wawili wana dani. Mwaka mmoja! Je, Kano alikuwa anagawa vyeo ovyo? La. Tomita alikuwa akiishi nyumbani kwa Kano. Alilala hapo, akala hapo, akaamka hapo, na mazoezi yalikuwa ndiyo siku yenyewe. Hata leo, mwanafunzi wa sekondari huko Japani aliye kwenye klabu ya judo ya shule yake, anayefanya mazoezi karibu kila siku baada ya masomo, anaweza kufunga mweusi baada ya mwaka mmoja au miwili, na hakuna anayemshangaa. Kuna pia kozi maarufu ya aikido ya Yoshinkan pale Tokyo, ambayo askari wa kutuliza ghasia wamepitishwa humo tangu miaka ya 1950. Inachukua miezi 11, na wanaoanza bila kujua lolote huimaliza na mkanda mweusi. Lakini ndani ya miezi hiyo mazoezi ndiyo kazi yao kubwa.

Basi tupige hesabu yetu sisi, watu wenye kazi, shule na foleni. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara: hizo ni saa tatu kwa wiki. Toa sikukuu, toa misiba na homa, tuseme wiki 48 kwa mwaka. Ni saa 144. Ukienda hivyo miaka mitano, muda ambao klabu nyingi za karate zinautaja kama wa kawaida, utakuwa umefanya saa 720. Zigawe kwa 24. Ni siku 30, mchana na usiku. Mwezi mmoja.

Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea. Miaka mitano ya kujisifu kwamba nafanya karate, na ndani yake mna mwezi mmoja! Ndipo nilipoelewa kwamba anayesema "nimefanya karate miaka mitano" bado hajaniambia kitu. Nataka kujua alikuja mara ngapi. Anayekuja Jumanne akakosa Alhamisi ana nusu ya mwezi ule. Na walio wengi, msikilizaji, ndivyo wanavyokuja. Mwalimu anapowaambia kwamba mkanda bado, wanahesabu miaka kwenye kalenda na kuona wamedhulumiwa.

Lakini hesabu ya saa nayo haimalizi jambo, kwa sababu mwili una njia yake ya kujifunza. Chukua kata, yaani mfululizo wa miondoko ya kukariri, ile ya kwanza ya mtindo wa karate wa Shotokan, Heian Shodani. Ina miondoko 21. Mtu mwenye akili ya kawaida anaikariri kwa wiki mbili: kugeuka kushoto, kuzuia chini, kupiga hatua na ngumi, kugeuka nyuma. Akishaikariri anadhani ameijua. Mwezi wa tatu anaambiwa kisigino cha nyuma kinanyanyuka. Anakishusha, sasa bega limepanda. Anashusha bega, nyonga imechelewa, ngumi inatangulia mwili kama mkokoteni uliomtangulia punda. Mwaka wa pili anaanza kusikia mkono unaorudi kiunoni unavyousukuma ule unaokwenda. Hakuna aliyemwambia jambo jipya. Aliambiwa maneno hayo siku ya kwanza. Masikio yalisikia siku ile, mwili umesikia leo. Jambo hilo huliharakishi kwa kulipa ada ya mwaka mzima mara moja.

Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ameandika kwamba zamani kata moja ilihesabiwa kazi ya miaka mitatu, na kwamba yeye mwenyewe alitumia miaka 10 kwenye kata tatu tu zinazoitwa Tekki. Tekki ni kata ya kwenda kando, kushoto na kulia, kwenye mstari mmoja. Haina mruko wala mbwembwe, mtazamaji anaweza kupiga miayo. Miaka 10! Hata hivyo, Funakoshi huyohuyo ndiye aliyetoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate, Aprili 1924, akifuata mpango wa Kano. Alijua kwamba watu wanahitaji alama, na alijua pia kwamba alama ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine.

Niseme kidogo juu ya mkanda wa kahawia, maana hapo ndipo nimewaona wengi wakiishia. Mikanda ya rangi za mwanzo inapandwa haraka, kila baada ya miezi michache kuna mtihani, kuna picha, kuna makofi. Ukifika kahawia, ngazi zinakuwa tatu na rangi inabaki ileile. Unafaulu mtihani na unarudi nyumbani na mkanda uleule uliokwenda nao. Mke au mume anauliza, "Vipi, umeshindwa?" Unamwambia umefaulu, na hana cha kuona. Wakati huohuo wewe ndiye unayeambiwa uwafundishe wapya kufunga mkanda, wewe ndiye unayefagia ukumbi, wewe ndiye unayepigwa na wakubwa. Wenzangu niliovaa nao mweupe siku moja tulikuwa 14. Kwenye kahawia tulibaki watatu. Hakuna aliyefukuzwa. Mmoja alihamishwa kazi, mmoja alipata mtoto, wengine walikosa wiki moja, halafu mbili, halafu ikawa aibu kurudi.

Nilianguka mtihani wangu wa kuingia kahawia. Ilikuwa kata ya tano, Heian Godani, yenye mruko mmoja. Niliruka vizuri, nikatua, goti likayumba na mkono ukagusa sakafu. Sensei hakukunja uso. Jina langu halikusomwa. Nilingoja miezi sita, na katika miezi ile sita nilijifunza kutua, jambo ambalo nilikuwa silijui kwa miaka mitatu na nilikuwa nikilificha kwa kasi. Laiti jina langu lingesomwa siku ile, ningelificha mpaka leo.

Na hapa, msikilizaji, ndipo ninapotaka kusema lililoniuma.

Watu wa pwani tulikuwa na desturi ya kilemba. Kijana aliyejifunza kwa fundi, akishahitimu, humpa fundi wake kilemba, iwe kitambaa au pesa, shukrani ya kutolewa uanagenzini. Kilemba kilikuja baada ya kazi. Na tuna kilemba kingine, cha ukoka. Ukoka ni majani ya kutambaa. Ukimsokotea mtu kilemba cha ukoka atapendeza asubuhi, adhuhuri jua likipanda kimenyauka kichwani, na kila mtu anaona isipokuwa aliyevikwa. Ndiyo maana tukamwita mwenye kusifu uongo kuwa anavika watu kilemba cha ukoka.

Mpwa wangu ana miaka 13. Alipelekwa klabu moja, nisiyoitaja, ambako wazazi walipewa karatasi ya mpango: kila baada ya miezi miwili mtihani, kila mtihani na ada yake, baada ya mwaka mmoja na nusu mkanda mweusi. Wazazi walilipa, na klabu ilitimiza karatasi yake. Mtoto alifungwa mweusi, akapigwa picha, picha ikawekwa ukutani sebuleni kwa mama yake. Miezi mitatu baadaye familia ikahama, akaja kwetu. Alisimama mbele kwenye mstari kwa sababu ya mkanda wake, na sensei akasema watu wote wafanye Heian Shodani, ile kata ya kwanza. Sisi tuligeuka kushoto. Yeye aligeuka kulia, akakutana uso kwa uso na msichana wa mkanda wa njano.

Hakuna aliyesema neno. Aliendelea mpaka mwisho akitutazama sisi kwa pembe ya jicho, uso umemwiva. Mazoezi yalipokwisha alikwenda pembeni, akaufungua mkanda, akaukunja vizuri, akautia mfukoni. Alhamisi alikuja na mweupe aliouazima kwa mtoto mwenzake. Mtoto mdogo alifanya jambo ambalo watu wazima wenye klabu hawakulifanya. Ana mwaka na miezi minne sasa, yuko kijani, na nawaambia kwa furaha kwamba kijani chake ni kijani kweli.

Simlaumu mama yake. Alitaka mwanawe apate kitu cha kumshikilia. Lawama yangu ni kwa mwalimu anayejua. Anajua kwamba mtoto yule siku akishikwa na kibaka njiani, ataamini mkanda wake badala ya miguu yake, naye hatakimbia. Huko Korea, Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo, wana utaratibu mzuri kuhusu hili. Mtoto aliye chini ya miaka 15 hapewi dani; hupewa kitu kinachoitwa pum, na mkanda wake ni nusu mwekundu nusu mweusi. Kazi amefanya, inatambuliwa, lakini hadanganywi kwamba yeye ni mtu mzima. Na kwenye jiu-jitsu ya Brazili, shirikisho lao kubwa limeweka kwamba mweusi hautolewi kwa aliye chini ya miaka 19, na kwa kawaida mtu hukaa bluu angalau miaka miwili, zambarau mwaka na nusu, kahawia mwaka. Hicho ni kiwango cha chini. Wengi wao huchukua kama miaka 10.

Ningependa kumtaja mtu mmoja kabla sijaaga. Kano alijifunza jujutsu kwa mzee aliyeitwa Fukuda Hachinosuke. Mzee huyo alikuwa na mjukuu wa kike, Fukuda Keiko, aliyezaliwa 1913. Mwaka 1935 Keiko aliingia kitengo cha wanawake cha Kodokan, binti mdogo wa umbo, urefu wake futi tano kasoro. Alichumbiwa, akaambiwa ndoa ile ingemtaka aache judo. Akakataa ndoa, na hakuolewa kamwe. Wanawake wa Kodokan walifungwa mkanda mweusi wenye mstari mweupe katikati yake, ili ijulikane kwamba ni wa kike, na kanuni iliwazuia wasipande kupita dani ya tano. Keiko alifika ya tano, akakaa hapo miaka mingi. Hakuacha kwenda. Alihamia San Francisco, akafungua dojo ya wanawake, akaendelea kufundisha. Mwaka 1972 kanuni ilipolegezwa baada ya watu kuandika barua na kulalamika, alipewa ya sita. Mwaka 2006 Kodokan ikampa ya tisa. Mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha Marekani kilimpa ya kumi. Alifariki Februari 2013, na mpaka uzeeni kabisa alikuwa akiletwa kwenye mazoezi kuwasahihisha wanafunzi.

Namtaja kwa sababu watu huniambia, "Sina muda." Keiko alikuwa na muda na akanyimwa mkanda. Miaka ile aliyokaa dani ya tano hakuna aliyemwahidi ya sita. Alikuwa anakwenda dojo kwa sababu ilikuwa siku ya mazoezi.

Na wala si lazima twende San Francisco. Pale Zanzibar, Mjapani Shimaoka Tsuyoshi amewafundisha vijana judo tangu miaka ya 1990, na waliomjia wakiwa watoto sasa ni watu wazima wanaofundisha watoto wengine. Hapo ndipo unapouona muda kwa macho.

Yule mama wa Jumanne alimleta mwanawe Alhamisi. Mtoto alivaa kaptura ya shule, sare bado haijashonwa. Fundi kaahidi wiki ijayo. Alisimama mwisho wa mstari, akahesabu pamoja nasi ichi, ni, san, akachoka, akakaa, akainuka tena. Mama alikaa kwenye dawati akatazama mpaka mwisho, na hakuuliza tena lini.

Wewe mzazi unayetafuta klabu, kabla hujatoa pesa kaa pembeni utazame mazoezi mawili. Ukipewa karatasi yenye tarehe ya mkanda mweusi, irudishe na umchukue mwanao. Na wewe uliyeishia kijani au kahawia, ambaye sare yako iko ndani ya begi juu ya kabati na unaona haya kurudi baada ya miaka, itoe uifue. Nenda wiki hii. Hawatakuuliza ulikuwa wapi. Watasogea, utapata nafasi ya kusimama kwenye mstari.